Mmoja yupo darasa la nne, mwingine la tano: inawezekanaje wamalize pamoja?

Mama wa Tandahimba (2025)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Ninalea watoto wawili: mwanangu yupo darasa la nne, na mtoto wa marehemu dada yangu yupo la tano. Katika kikao cha wazazi tuliambiwa kwamba wote wawili watamaliza shule ya msingi mwaka 2027, nami nikarudi nyumbani nikihesabu kwa vidole bila kupata jibu. Naomba nielezwe jambo hili limetokana na nini, na baada ya hapo ni miaka mingapi hadi mtoto apate shahada, kwa kuwa fedha yangu ni ya korosho, na korosho huja mara moja kwa mwaka.

Mwalimu mstaafu, Masasi

Marahaba, mama. Hesabu mliyopewa ni sahihi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima kuwa miaka 10, yaani 6 ya msingi na 4 ya sekondari, badala ya ile 7 ya msingi tuliyoizoea. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na watoto uliowakuta darasa la tatu ndio wa kwanza kuishia la sita, ilhali waliokuwa la nne mwaka huo wanaendelea hadi la saba kama zamani. Ndiyo maana watoto wako wawili wanakutana mlangoni mwaka 2027 na kuingia kidato cha kwanza Januari 2028. Usitarajie, basi, mdogo kurithi sare ya mkubwa. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali iliondolewa tangu 2016, lakini viatu, madaftari na sare vitatakiwa mara mbili katika Januari moja, na ni fedha ya minada ya korosho ya mwishoni mwa 2027 itakayobeba mzigo huo.

Mwanachuo wa Mikindani

Shikamoo mama, shikamoo mwalimu. Naendeleza hesabu kwa mtoto asiyerudia darasa. Akianza kidato cha kwanza 2028, atafanya mtihani wa kidato cha nne Novemba 2031. Akichaguliwa kuendelea, kidato cha tano huanza Julai, kwa hiyo atakaa nyumbani miezi zaidi ya sita. (Mimi miezi hiyo niliimaliza katika mikorosho ya mjomba, na majirani wakadhani shule imenishinda.) Mtihani wa kidato cha sita ni Mei 2034, na chuo kikuu hufunguliwa baadaye mwaka huohuo. Shahada nyingi ni miaka 3, hivyo atamaliza 2037. Uhandisi ni miaka 4, udaktari 5, na daktari huongezewa mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini.

Mama wa Tandahimba

Ahsante, baba. Huyu mkubwa, kusema kweli, anapenda nyundo kuliko daftari. Naye nimngoje hadi 2037?

Mzazi wa Nachingwea

Hapana, dada. Mtaala mpya una mkondo wa amali, ambamo mwanafunzi wa sekondari hujifunza ufundi pamoja na masomo mengine, na baada ya kidato cha nne anaweza kwenda VETA, yaani chuo cha ufundi stadi cha serikali, ambacho kipo Mtwara na kipo Lindi. Ulizia mapema ni shule ipi iliyo karibu nawe yenye mkondo huo, kwa maana si zote. Tena jihadhari na jambo linaloongeza miaka kimyakimya: mimi nilimtoa binti yangu shule wiki mbili akasaidie kuokota korosho, mwezi mmoja kabla ya upimaji wa kidato cha pili, akashindwa na akarudia mwaka mzima. Yale magunia hayakulipia hata nusu ya mwaka huo.

Mama wa Tandahimba

Nimewaelewa wote, na msimu huu nitaanza kutenga fedha ya Januari ile. Kilichobaki ni kumweleza mkubwa kwamba mdogo wake hakurushwa darasa, maana tangu siku ya kikao amenuna.