Bima kubwa kwa IST ya 2005: nilipe au nibaki na ndogo?

Babu_Kibirizi:
Wakuu, shikamooni wakubwa. Niko Kigoma, nina IST ya 2005, nikiiuza leo sikosi milioni 10. Bima inaisha tarehe 28. Ndogo ni 118,000 kama kawaida. Kijana wa bima ananing'ang'ania nichukue kubwa: asilimia 3.5 ya thamani, ukiongeza VAT inafika 413,000.

Ningemfukuza, ila mwezi uliopita nikiteremka kutoka Mwanga kwenda stesheni, boda kabeba madumu mawili ya mawese, akachomoka kichochoroni, puu! Mlango wa kushoto. Dumu likapasuka. Mawese yakaingia mpaka kwenye reli ya kioo. Siku nne nanuka kama nimetoka kukamua. Trafiki kafika: dogo hana bima, hana leseni, na pikipiki ni ya tajiri asiyepokea simu. Kunyoosha na rangi, 380,000 zangu.

Shemeji yangu yuko Marekani, anasema kule unanunua kipande cha bima mahsusi kwa kugongwa na asiye na bima, na majimbo mengine ni lazima. Kwetu kipo?

MamaWawili_Gungu:
Pole kaka. Kwetu hakiuzwi peke yake, kimo humo humo kwenye kubwa. Ndogo inamlipa uliyemgonga wewe, gari lako haliigusi. Kubwa inakutengenezea lako hata aliyekugonga hana kitu, halafu kampuni ndiyo ihangaike na huyo tajiri. Mahakamani unaweza kumpeleka mwenyewe, ila nauli na muda wako nani atakurudishia?

Fundi_Katubuka:
Mimi nasema weka hiyo 295,000 ya tofauti kwenye kibubu. Nanyoosha magari kila siku. Mteja ana bima kubwa na bado anatoa hela, kwa sababu kuna eksesi, ile sehemu unayojibebea mwenyewe. Mlango kama wako ungerudishiwa kidogo tu.

MamaWawili_Gungu:
Fundi, wewe una maslahi 😂 Mlango ni mlango. Lori lisilo na bima likimsukuma mtaroni njia ya Kasulu, kibubu kitanunua IST nyingine? Na kaka, usiandikishe gari kuwa lina thamani ya milioni 5 ili ulipe kidogo, siku ya madai watakukata. Uliza eksesi ni shilingi ngapi, ione kwenye karatasi. Ukishalipa, ingiza namba ya gari TIRA MIS, ule mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, uone stika imesoma. Stika feki zipo.

Babu_Kibirizi:
Kumbe nilikuwa napiga hesabu ya mlango wakati hofu yangu ni gari zima. Kila Jumamosi niko njia hiyo ya Kasulu. Nimemwambia kijana aniandikie eksesi kwanza. Ikizidi 300,000 nabaki na ndogo. Fundi, mawese kwenye reli ya kioo yanatokaje? Kioo kinapanda kwa kunung'unika.

Fundi_Katubuka:
Lete, nafungua mlango. Hiyo hakuna bima inayolipa 😂