Eti "mvua jangwani itoke wapi?" Huyu mjuzi wetu, kiongozi wa safari yetu ya jangwani, atatuua!

Wakuu, mnamjua, simtaji. Yule mwenye kofia pana na maneno mapana kuliko kofia.

Kapanga mahema katikati ya korongo kavu, eti mchanga wa humo laini kwa mgongo. Akaonyeshwa takataka za mafuriko zilizonasa kwenye matawi ya mgunga, juu kuliko kichwa cha mtu. Jibu lake mbele ya watu wote: "Wingu hata moja hakuna. Mvua jangwani itoke wapi?"

ITOKE. WAPI. Inanyesha milimani huko, makumi ya kilomita, ardhi ngumu hainywi, maji yanashuka na magogo na mawe huku juu yenu nyota zinawaka! Na vigingi vyake vyembamba vimeng'oka vyote kwa upepo wa jioni. Kwenye mchanga, badala ya kigingi unajaza mfuko mchanga, unaufunga kamba ya hema, unaufukia sentimita 30 hivi, unakanyagia. Hajui hata hilo, halafu ananiuliza mimi itoke wapi!

Mla Vumbi: Pole mkuu. Sasa ulilala humo au hukulala?

Mleta uzi: Hiyo siyo hoja. Hoja ni "itoke wapi".

Mla Vumbi: Kalala humo huyu 😂

Kamba Fupi: Afadhali wako. Wetu anagawa lita 2 za maji kwa siku, jua la kupasua mawe. Anzieni lita 4 kwa kichwa, na kitu cha chumvi juu yake. Maji matupu mengi nayo yanaangusha mtu.

Jabali: Siku 3 hizo ni kilo 12 mgongoni, utanibebea? Tembea alfajiri, saa nne uwe kivulini, saa kumi jioni unaendelea.

Kamba Fupi: Nani kauliza saa?

Miba: Wetu anapandisha watu tuta la mchanga upande uliokingwa na upepo, ule mteremko unaoporomoka. Hatua moja juu, nusu chini. Upande unaopigwa na upepo ndio umeshikana, kisha unafuata mgongo wa tuta.

Mleta uzi: Jamani, turudi korongoni.

Mla Vumbi: Viatu mnakung'uta asubuhi lakini? Nge wanapenda humo. Mulika kwa taa ya urujuanimno (UV), wanang'aa kijani.

Jabali: Betri zenyewe baridi ya usiku inazimaliza.

Mla Vumbi: Si ulale nazo ndani ya begi la kulalia? Wewe kila kitu unapinga!