Naomba ushauri: mama kaletewa vidonge vya Kasturi Bhairav na mafuta ya kasturi (miski)

Binti_Mzizima: Wakuu, habari zenu. Mama ana miaka 68, anakohoa wiki ya tano sasa, kikohozi kikavu, usiku zaidi. Presha anatumia enalapril. Ndugu yetu kamletea kutoka India vidonge vya Kasturi Bhairav Ras, 2 kwa asali asubuhi na jioni, na kichupa cha mafuta ya kasturi, matone 3 kwenye maziwa. Nimpe?

Tabibu_Mimea: Dada, usimpe vyote viwili. Fomula ya vidonge hivyo, mbali na miski, ina hingula, ambayo ni madini ya zebaki na salfa, pamoja na vatsanabha, mzizi wa akoniti, mmea wenye sumu. Waganga wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huuchemsha mzizi huo kwenye maziwa au mkojo wa ng'ombe kupunguza sumu. Ukichemshwa nusunusu, mgonjwa hufa ganzi mdomoni, hutapika, kisha mapigo ya moyo huvurugika. Kwa mama wa presha hiyo ni hatari kubwa. Kama ameshameza na ana dalili hizo, hospitali sasa hivi, na pakiti mwende nayo.

Mzee wa Manukato: Nazungumzia kichupa. Miski halisi hutoka kwenye kifuko kilicho karibu na kitovu cha paa dume wa Himalaya, na kifuko kimoja hutoa takriban gramu 25 tu. India imemlinda mnyama huyo kwa sheria ya wanyamapori ya 1972, na mkataba wa CITES, wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, umefunga biashara ya kimataifa ya miski ya nchi hiyo. Kwa hiyo mafuta ya bei ya kawaida ni manukato ya maabara, yaliyochanganywa na kemikali za kuyeyushia. Ni ya kujipaka nguoni. Kwenye maziwa hayaingii hata tone.

Binti_Mzizima: Asanteni sana. Hakuna mbadala wa mmea?

Tabibu_Mimea: Upo, latakasturi, jamaa ya bamia. Mbegu zake za kahawia, zenye umbo la figo, zina harufu ya miski. Mafuta yenye harufu yako kwenye ganda, kwa hiyo ziponde kidogo tu, muda uleule wa kutumia. Ukisaga nyingi ukaweka akiba, harufu inapotea na mafuta yanachacha. Ya kupaka: gramu 10 za mbegu kwenye mililita 100 za mafuta ya ufuta, bakuli juu ya maji ya moto yasiyochemka, saa 2, kisha chuja kwa kitambaa cha pamba. Yakikaangika yananuka moshi, mwaga. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, subiri siku nzima. Nunua mbegu za dawa au za kula, kwa sababu za kupanda huenda zimepakwa dawa ya wadudu. Ila harufu hii humburudisha tu, kikohozi haikiponyi.

Nesi_wa_Zamu: Na kikohozi chenyewe kina mshukiwa hapo: enalapril. Kundi hilo la dawa hujulikana kwa kikohozi kikavu. Asiiache mwenyewe, presha itapanda. Arudi kwa daktari aombe kubadilishiwa, mara nyingi hupewa losartan, dawa nyingine ya presha, na kikohozi hutulia ndani ya wiki 1 hadi 4. Kwa kuwa kimepita wiki 2, apimwe na TB hata kama hana makohozi.

Binti_Mzizima: Vidonge nimeviondoa. Kesho asubuhi tunaenda kliniki, na pakiti naibeba.