Kwa yule bwana aliyeihukumu nyumba ya bibi kwa ufunguo wa gari, kahawa yetu ikiwa mkononi mwake

Mjukuu wa Kiponda:
Assalaam alaykum wanajukwaa. Jina lake silitaji, kwa kuwa hakuna mkaazi wa Mji Mkongwe asiyemjua. Ni yule bwana mwenye kofia ya ujenzi nyeupe pepepe, isiyowahi kuguswa na chembe ya chokaa tangu iliponunuliwa, ambaye kila nyumba anayoingia kuikagua hutoka akisema ibomolewe, na kila inapobomolewa huota hoteli yenye bwawa la kuogelea juu ya paa. Leo asubuhi ilikuwa zamu yetu.

Aliitwa na baadhi ya warithi walioko Dubai na Maskati, ambao wanataka ijulikane haraka kama nyumba itabomolewa au itatengenezwa. Kwamba nyumba imechoka sikatai. Roshani ilikwishaondoka, chumba cha nyuma tumekifunga kwa sababu boriti zake zimeoza kwenye ncha zinazoingia ukutani, na masika yakianza tunatandaza ndoo na masufuria sakafuni mpaka wageni huuliza bei.

Bibi alikuwa amekaa barazani. Alimkaribisha vizuri, akamtilia kahawa, akampa kashata, akamwongeza kahawa alipotaka kuongezwa. Bwana huyu hakupanda darini, hakugonga boriti hata moja, wala hakuuliza maji yanaingilia wapi. Alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa gari, akauchokonoa ukuta wa ukumbini. Bamba la lipu upana wa sinia likaporomoka, kipande kikatumbukia ndani ya kikombe chake, naye akamgeukia bibi, mwanamke aliyewazaa watoto wake wote ndani ya kuta zile, akamwambia: “Bi mkubwa, hii si nyumba tena, ni kifusi kilichochelewa kuanguka.”

Kwa ufunguo wa gari! Gari lenyewe haliwezi kuingia katika kichochoro chetu hata likikunjwa!

Isitoshe, lipu ile ilikuwa ya saruji, iliyopakwa na fundi mvivu juu ya ukuta wa mawe na chokaa. Ukuta wa chokaa hupumua, na ukiuziba kwa saruji unyevu hubaki ndani na kuula taratibu. Kwa hiyo kilichoanguka ni ugonjwa, mgonjwa bado amesimama. Nilipojaribu kumweleza hayo, alinijibu kwamba hata Jumba la Maajabu liliporomoka. Nalo ni jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, sehemu yake ikaanguka tarehe 25 Desemba 2020 lilipokuwa linatengenezwa, watu wawili wakafa, na baada ya msiba ule mazungumzo yalikuwa ya kulijenga upya. Yeye aliutaja msiba huo akiwa na kashata mdomoni.

Bibi hakumjibu neno. Alimwambia tu arudishe kikombe.

Boriti ya Mkoko:
Pole sana, ndugu yangu, ila nimeusoma uzi wako wote na ninazo habari kamili za ufunguo, kashata na kofia, lakini sijui mpaka sasa kama ukuta una ufa. Una ufa? Umesimama wima au umelala? Unaongezeka? Watu wanabomoa au hawabomoi kwa majibu hayo, hawabomoi kwa hasira.

Mzee wa Malindi:
Ninyi mmeheshimiwa, mwanangu. Kwetu alikuja pia, na ukuta aliukagua kwa kiatu.

Msomi wa Vuga:
Ningependa kuwakumbusha wachangiaji kwamba Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kwamba hakuna nyumba ya eneo la hifadhi inayobomolewa bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Warithi wa Maskati hawawezi kuamua peke yao, na mwenye ufunguo hawezi kuamua kabisa. Zaidi ya hayo, nyumba nyingi za huku zimeegemeana, nyingine hata ukuta ni mmoja. Ukiiondoa ya bibi, jirani ndiye atakayefuata.

Mpangaji wa Sokomuhogo:
Angalau ninyi mna warithi wa kugombana nao. Sisi tunakaa katika nyumba iliyotaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na kila ghorofa ina familia yake. Wa chini wanasema paa linalovuja haliwahusu, wa juu wanasema bomba la maji machafu lililopasuka chini haliwahusu, na ofisi inayopokea kodi, ambayo nayo sitaitaja, inasema faili letu linatafutwa.

Mjukuu wa Kiponda:
Naomba turudi kwenye ufunguo. Alimwambia bibi, usoni, kwamba nyumba yake ni kifusi!

Jirani wa Shangani:
Kifusi ndicho kitakachokuwa changu, na sababu yake si unyevu. Jirani yangu ameweka juu ya paa tangi la maji la lita 5,000. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo ni tani tano zilizokalia boriti za mikoko, ambazo ndizo zilizofanya vyumba vyetu viwe vyembamba, mita tatu hivi, kwa sababu mti wenyewe hauendi mbali zaidi ya hapo. Waliozikata hawakuwa na habari ya matangi ya plastiki. Ukuta tunaochangia umeanza kutoka tumbo, nami kila nikimwambia ananiuliza kama ninataka watoto wake wasioge.

Boriti ya Mkoko:
Tangi hilo ni langu, na ni la lita 3,000. Ungekuwa mkweli ungewaeleza pia wanajukwaa kwamba maji ya jiko lako yanamwagikia ukuta huohuo mchana kutwa, na kwamba tumbo lilianza kabla ya tangi.

Jirani wa Shangani:
Tani tatu nazo ni tani. Kesho baada ya alasiri namleta fundi wa chokaa aukague ukuta pande zote mbili, na mlango wa kupandia paani utaufungua wewe mwenyewe.

Mzee wa Malindi:
Fundi huyo akimaliza Shangani naomba apite kwangu.

Mpangaji wa Sokomuhogo:
Mafundi wa chokaa wapo bado? Wetu alitwambia chokaa inachelewa kukauka, akatupakia saruji usiku usiku na kuondoka na ngazi yetu. Mnamjua. Subirini nimfungulie uzi wake.