Eti "geji inasomaje?" Huyu fundi bingwa wa magari ya zamani ameniua mchana kweupe

Wakuu, salamu baadaye. Mikono inanuka petroli na damu inachemka.

Mnamjua. Yule yule mnayemtaja kila mtu akiuliza nani anaweza magari ya kizamani. Yule anayepiga picha ameegemea gari la mwenzake. Simtaji jina, akisoma atajijua, na atasoma tu, maana anajitafuta mitandaoni kuliko anavyotafuta spana zake.

Nimezimikiwa, kumbe tangi kavu. MGB yangu ya 1967, kale kagari ka Kiingereza, katikati ya makutano, mshale wa mafuta umetulia nusu. Nusu ya kujidai kabisa! Honi zinanitukania mababu hadi wale ambao hata mimi siwajui. Nampigia mtu aliyenikabidhi gari kwa maneno "geji ya mafuta nimeimaliza, endesha kwa amani". Namwambia limezima. Mnajua kajibu nini?

"Geji inasomaje?"

GEJI. INASOMAJE. Mtu aliyelipwa kutengeneza geji ananiuliza mimi geji inasomaje! Nikasema nusu. Akasema, "Basi siyo mafuta." Halafu nasikia kicheko cha watu. Kumbe kaniweka spika!

Mwanzoni shida ilikuwa ndogo: mshale umelala E, yaani tupu, hata nikitoka kujaza. Boya la ndani ya tangi lilitoboka likanywa petroli, ukilitikisa unalisikia linachuruzika. Kazi ya boya tu jamani. Yeye akang'oa senda nzima, kile kifaa cha tangini kinachoipa geji habari, akaweka mpya, akasema ya zamani "imechoka kisaikolojia". Nikanyamaza, nikalipa. Leo nimesukuma gari mpaka viatu vimeniomba talaka, halafu naulizwa geji inasomaje.

Inasomaje!

Kiroboto_Sugu: Nimecheka hadi nimeamsha nyumba nzima. "Basi siyo mafuta" 😂😂 Huyo mtu apewe maua yake.

Mzee wa Kabureta: Mleta uzi punguza jazba. Kakufungia senda isiyo ya gari lako. Zile za Ford za zamani za Marekani zinatoa omu 73 (kipimo cha ukinzani wa umeme) tangi likiwa tupu na 10 likijaa. Geji uliyo nayo, ya kampuni ya Smiths, inataka zaidi ya 200 ndipo ilale E. Ikiona omu sabini na kitu inajua tangi lina nusu. Ndiyo maana ukijaza inasema kweli, likikauka inakudanganya. Chomoa waya wa senda, pima na mita huku boya likiwa chini kabisa, utaniambia.

Mleta uzi: Mzee shikamoo, ila omu sikuulizwa. Nimeulizwa GEJI INASOMAJE. Na spika juu.

Gia_ya_Nne: Swali la kizushi: mtu mzima unaendesha gari la 1967 bila kidumu kwenye buti na bila kijiti cha kuchovya tangini? Unaamini mshale? Mimi hata saa ya dashibodi siiamini.

Mleta uzi: Kijiti nichovye mimi, halafu yeye nilimlipa afanye nini, aniimbie?

Chuma Chakavu: Fanya hivi. Washa swichi, waya wa senda uguse kwenye bodi, chuma cha gari. Mshale ukipanda taratibu hadi F, yaani limejaa, geji ni nzima na ubaya uko tangini. Usiugusishe muda mrefu, ndani mle kuna waya unaopasha kibati mpaka kinapinda, ndicho kinachosukuma mshale. Utaiunguza.

V8_Haizeeki: Uongo. Ukigusisha bodi mshale unashuka E. Nimefanya kwenye Chevrolet yangu.

Chuma Chakavu: Chevrolet nyingi za zamani ni omu sifuri tangi likiwa tupu na 90 likijaa, kinyume kabisa cha hii. Uwe unasoma uzi kabla ya kubandika.

V8_Haizeeki: Nani kakuuliza? Jifunze kuandika kwa adabu kwanza.

Bi Spitfire: Pole ndugu, ila wewe umeulizwa geji tu. Mimi huyo huyo bwana alitaka kunifungulia silinda hedi, kichwa cha injini! Geji ya mafuta na ya joto zilipanda pamoja, zote mbili, siku moja. Akatazama, akatikisa kichwa kama daktari wa msiba, akasema injini inachemka. Nikamuuliza, na mafuta nayo yameongezeka yenyewe? Akasema "gari za hivi zina mambo mengi". Mambo mengi! Kumbe stebilaiza nyuma ya dashibodi ilikosa waya wa bodi. Kazi yake ni kuzipa geji wastani wa volti 10. Ikikosa bodi inaachia umeme wote wa betri, mishale inaruka juu. Mume wangu alikwangua kutu kidogo, akakaza skrubu moja, yakaisha. Bili ya "uchunguzi" niliipokea lakini.

Kiroboto_Sugu: "Gari za hivi zina mambo mengi" 😂 naweka kwenye wasifu wangu.

Mleta uzi: Bi Spitfire pole, lakini hukuwekwa spika.

Bi Spitfire: Niliitwa "mama mwenye wasiwasi" mbele ya wateja wake. Tulinganishe?

Gia_ya_Nne: Mimi alinirudishia turubai la paa limegeuzwa, mshono nje. Nikimwambia linavuja anasema ya kizamani yote yanavuja. Nikiwa na abiria mvua ikinyesha, namkabidhi ndoo.

Mzee wa Kabureta: Turubai ukilifunga siku ya baridi lazima likuchezee, linakuwa limesinyaa. Lianike juani lilegee kwanza.

V8_Haizeeki: Paa la kukunja ni la watu wasio na kazi. Nunua la chuma.

Bi Spitfire: La chuma unaliweka wapi ukilitoa, kitandani?

V8_Haizeeki: Ukutani. Unatundika.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Amenipigia sasa hivi. Anauliza kama nimeshajaza, na geji inasomaje.

Chuma Chakavu: Kutundika ukutani mimi sikubali. Lilaze kwenye blanketi.

Napita Tu: Samahani kuingilia. Mwenye kioo cha taa ya nyuma ya MGB, upande wa kushoto, kisichopasuka, anicheki.