Kabla hujawasha moto, unajuaje chuma hiki kinafaa kisu cha kuwindia?

Mwanafunzi wa Fuawe: Wakuu, shikamooni. Nafua visu vya kuwindia kwa chuma cha kuokota: springi za gari, tupa zilizochakaa, beringi. Wiki iliyopita nimemaliza kisu, nikakichovya kwenye mafuta kikiwa chekundu. Kupitisha tupa kwenye makali, ikakila kama inakula mti! Siku mbili za nyundo zimepotea. Mnatofautishaje?

Fundi Jiliwa: Pole sana, mdogo wangu. Hicho kilikuwa chuma laini. Kaboni yake, ndiyo inayokipa chuma ugumu, pengine haifiki asilimia 0.3, hakikazwi na mafuta.

Anza na cheche. Kaa penye kivuli, gusisha kipande kwenye jiwe la grinda. Chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka, zinapasuka moja moja. Tupa nzuri, yenye kaboni kama asilimia 1, cheche zake ni fupi na zinachanua palepale karibu na jiwe, tawi juu ya tawi, huwezi kuzihesabu. Springi, kama asilimia 0.6, iko katikati. Kisichoshika kutu hutoa chache, fupi, nyekundu-nyekundu. Weka pembeni tupa na msumari unaovijua, usage na hivyo pia. Macho hudanganya yasipokuwa na cha kulinganisha.

Mwanafunzi wa Fuawe: Tupa yangu moja ilianza na cheche nyingi, nilivyozidi kusaga zikapungua. Jiwe limechakaa?

Fundi Jiliwa: Jiwe halina kosa. Kuna tupa zilizotiwa kaboni kwenye ngozi tu, ndani laini. Hiyo isifuliwe kisu.

Na cheche hazimalizi kazi. Kata kipande cha upana wa kidole, kipashe moto mpaka sumaku isikishike (kama nyuzi 770), ongeza moto kidogo, chovya kwenye mafuta ya uvuguvugu. Kibane kwenye jiliwa (kibano cha mezani), vaa miwani, gonga. Kikijikunja, achana nacho. Kikivunjika kama kigae, tazama mvunjiko: kijivu cha punje ndogondogo, moto ulikuwa sawa, punje kubwa kama sukari, ulizidisha.

Mzee wa Mvukuto: Chochote kilichopakwa zinki kisiingie motoni, moshi wake unaumiza. Beringi nazo ni chuma kizuri, ila zitakuchosha mkono.

Mwanafunzi wa Fuawe: Nimejaribu kipande kilichobaki cha kile kisu. Kimejikunja kabisa, hata ufa hakuna. Springi nyingine imekatika pigo la kwanza, ndani kijivu tupu. Hiyo ndiyo naifua kesho asubuhi.