Mtu kakamatwa jana, leo mshamwita muuaji. Sheria mmesomea wapi?

Wakuu, uvumilivu umenishinda. Likitokea tukio, polisi hawajamaliza hata kuchukua maelezo, tayari kila mtu ni hakimu. Aliyekamatwa ni mtuhumiwa! Akisomewa shtaka anakuwa mshtakiwa. Muuaji mtamwita mahakama ikishamtia hatiani, siyo picha yake ikishasambaa.

Akipata dhamana, kelele: "Kaachiwa huru, kahonga!" Kaachiwa huru wapi? Kesi iko palepale, tarehe kapangiwa, asipotokea anatolewa hati ya kukamatwa.

Ila kinachonichefua kuliko vyote ni hii: "Huo ni ushahidi wa mazingira tu, kesi itakufa." Hiyo "tu" mmeitoa wapi? Ushahidi wa mazingira ni ule usioonyesha tendo lenyewe moja kwa moja, bali dalili zinazoelekeza kwa aliyelifanya. Alama za vidole ni ushahidi wa mazingira. DNA ni ushahidi wa mazingira. Alama kwenye kioo cha dirisha haisemi nani kaua, inasema kidole cha fulani kiligusa kile kioo. Dalili kama hizo mahakama inaziunganisha hadi ione kama kuna maelezo mengine yanayoingia akilini, zaidi ya kwamba mshtakiwa ndiye aliyeua. Watu wanafungwa maisha kwa ushahidi huohuo mnaoudharau. Na huyo shahidi wa macho mnayemwamini kama malaika? Kule Marekani, sehemu kubwa ya wafungwa waliosafishwa na vipimo vya DNA walifungwa kwa sababu shahidi aliapa kabisa kwamba "ni huyu", kumbe siye.

Kuna na wataalamu wa "hakupanga, kwa hiyo ni kuua bila kukusudia". Nani kawaambia kukusudia ni lazima mtu akae wiki nzima akichora ramani? Kwenye sheria zenye asili ya Kiingereza, nia inaweza kuingia papo hapo, mkono ukiwa unanyanyua kisu. Hata aliyekusudia kumjeruhi vibaya tu, mwenzake akafa, anaweza kukutwa na hatia ya mauaji.

Halafu mshtakiwa akishinda: "Basi athibitishe kwamba hakufanya!" Hathibitishi kitu. Mzigo ni wa upande wa mashtaka, na majaji wa House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, walishalimaliza hilo kwenye kesi ya mauaji ya Woolmington, mwaka 1935. Nyie bado mnabishana.

Mwenye hoja aje na kifungu cha sheria. Mwenye matusi naye aje, nipo.